Alibeba maswali ya mbu, akanyimwa mtoto wa kubeba

Saa mbili asubuhi, jua la Mnyambe limeshapanda juu ya mabati, na Bertila Chitanda amepiga magoti kwenye mdomo wa kisima cha jirani yake. Mkononi ana kioo cha pikipiki, kile cha pembeni, kilichopasuka kona moja. Anakielekeza juani, anakigeuza kidogo, na mwanga unashuka kisimani mpaka chini kwenye saruji.

"Haya, Mama Pili, njoo uwaone wageni wako," anaita.

Mama Pili anachungulia, anashika mdomo, anacheka kwa aibu. Juu ya maji viluwiluwi wanachezacheza kwenye ule mwanga. Wengi wameinamisha vichwa chini. Wachache wamelala sambamba na uso wa maji, kama vijiti vya kiberiti vilivyomwagwa.

"Hawa waliolala ndio watoto wa mbu wa malaria," Bertila anamwonesha kwa kidole. "Kifuniko chako kimepinda. Mwambie Baba Pili agonge misumari leo."

"Baba Pili yuko shamba."

"Basi gonga wewe. Nyundo haichagui mkono."

Huku juu kwenye uwanda wa Makonde, wilayani Newala, maji hayamwagwi kwa sababu ya viluwiluwi. Hakuna mto wa karibu. Mwenye nyumba ya bati huchimba kisima uani, akakipaka saruji, akaelekeza humo maji ya mvua yanayotoka paani, na maji hayo ndiyo ya kunywa, kupikia na kuoga mpaka mvua nyingine. Mtu akikwambia uyamwage, huyo hakutakii mema. Kwa hiyo Bertila hasemi lolote la kumwaga. Anachungulia, anaonesha, na anahimiza vifuniko.

Ana miaka thelathini na tisa, na huu ni mwaka wake wa tisa kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Anahudumia kaya 146 kwa miguu na kwa baiskeli ya mumewe. Posho yake ni shilingi elfu thelathini kwa mwezi, ikifika. Isipofika, kuna hekari mbili za mikorosho na muhogo wa nyuma ya nyumba.

Tangu Agosti mwaka jana ana kazi nyingine juu ya hiyo: kukusanya maswali ya wanakijiji kuhusu mbu waliobadilishwa vinasaba.

Hao ni mbu ambao wataalamu wamegusa urithi wao, ile tabia ambayo mzazi humwachia mtoto. Zinajaribiwa njia zaidi ya moja. Kuna mbu anayefanywa ashindwe kubeba vimelea vya malaria, na kuna anayefanywa uzao wake upungue. Mnyambe hajaachiwa hata mmoja. Watafiti wanasema wanataka kwanza kujua watu wanaelewa nini, wanaogopa nini na wanauliza nini. Daftari la Bertila, lenye jalada la bluu lililolowa mvua mara mbili, kufikia Februari lilikuwa na maswali 118.

Leo, hata hivyo, daftari limebaki nyumbani. Leo ni Jumamosi, na alasiri anatakiwa Mkunya, ambako mdogo wake Violet anamtoa mtoto wake wa kwanza nje.

Mtoto huyo ana siku arobaini. Bertila hajawahi kumgusa.

Katika ukoo wao, dada mkubwa wa mama ndiye humbeba mtoto siku ya kumtoa, akavuka naye kizingiti na kumwonesha jua. Bertila ndiye dada mkubwa, tena ndiye aliyemlea Violet tangu mama yao afariki, Violet akiwa na miaka tisa. Lakini ujumbe ulioingia kwenye simu yake Jumatano haukusema lolote la kubeba. Ulisema hivi: "Dada, Jumamosi tunamtoa mtoto. Mama mkwe anasema njoo na kioo chako."

"Nimeusoma mara ishirini," anasema, akikifuta kioo kwa ncha ya khanga. "Kioo, sawa. Na mimi je?"

Yaliyomfikisha hapo yalianzia kwenye mkutano wa ofisi ya kijiji, msimu ule watu wote wananukia salfa ya kupulizia mikorosho. Bertila alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya siku nne. Alirudi na picha kubwa ya vinasaba, yenye kitu kama ngazi iliyosokotwa, akaitazama usiku na asubuhi, ikamshinda. Akaamua kutumia mfano wa nyumbani.

"Niliwaambia, jamani, ni kama kubebesha mikorosho," anakumbuka.

Kwa mtu wa Newala, mfano huo hauhitaji mkalimani. Mkorosho usiozaa vizuri unakatwa, kikonyo cha mti bora kinachomekwa kwenye kidonda, kinafungwa nailoni, na mti unakuja kuzaa kwa tabia ya kile kikonyo. Ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa. Bertila akajiona mwalimu.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. Mkorosho uliobebeshwa huzaa zaidi, akasema. Je, wanataka kutuongezea mbu? Watu wakacheka. Bertila naye akacheka, akajibu haraka: "Hapana, baba, wengine wa hawa wanafanywa wasizae."

Mdomo uliponza kichwa, walisema wahenga. Wiki ile ile, majumbani, mfano wake uliendelea kutembea bila yeye. Kikonyo huingia kwenye mti kupitia kidonda, watu wakawaza. Mbu naye huingia mwilini kupitia kidonda. Mti hufuata tabia ya kikonyo. Basi mtu akiumwa na mbu asiyezaa, atafuata tabia ya nani?

"Nikikaa nikifikiri, walifikiri vizuri kuliko mimi," anasema Bertila bila uchungu. "Mimi niliuachia mfano wangu njiani. Wao wakautembeza mpaka mwisho."

Na kama kulihitajika ushahidi, ushahidi ulikuwa unapita kila siku na baiskeli. Bertila ameolewa miaka kumi na sita. Hana mtoto.

Kwenye vijiji hivi mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo huwekwa kabatini. Anakuwa Mama Pili, Mama Mathias, Mama fulani, mpaka kaburini. Bertila bado anaitwa Bertila. Vijana humwita Dada Bertila, wakubwa humwita mhudumu, na kila mmoja akimwita anajua analoliruka.

"Nilizoea," anasema. Kisha anajisahihisha. "Hapana. Nilinyamaza. Kunyamaza si kuzoea."

Mumewe, Nikolao, fundi wa madirisha na milango, naye amesikia mengi. Ndugu zake walimshauri aoe mwingine, tena wakamtafutia na mchumba. "Niliwaambia nimeoa Bertila, sikuoa tumbo," anasema, akiwa ameinama juu ya mnyororo wa baiskeli. "Wakasusa mwaka mzima. Mwaka mmoja nikala vizuri, maana hawakuja kula kwangu."

Uvumi haujui kalenda. Miaka kumi na mitano ya ndoa kabla ya ule mkutano ilifutika. Ikasemwa kwamba Bertila aling'atwa huko mafunzoni, na sasa ametumwa kuwaleta hao mbu kijijini. Septemba, akina mama kumi na mmoja waliwaficha watoto wao alipopita kuwapima. Mmoja alimwambia mtoto amekwenda kwa bibi yake, na mtoto akakohoa chumbani.

Hilo lilimuuma, lakini halikumlaza chini. Kilichomlaza chini ni sauti ya mdogo wake kwenye simu mwezi Novemba, mimba ikiwa na miezi sita.

"Alisema, 'Dada, usije kwanza. Mama Justin anaogopa. Mpaka nijifungue.' Nikamwambia sawa mwanangu, nimeelewa. Nikakata simu. Nikaenda shamba nikapalilia mpaka jioni, sikumbuki hata nilipalilia nini."

Mama Justin ni mama mkwe wa Violet. Ni mama mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu, na kabla ya Justin alizika watoto wawili. Alipoulizwa na mwandishi wa makala haya kuhusu siku zile, hakujitetea. "Niliogopa kweli. Sikumchukia mwenzangu. Ukishapoteza wawili, hata upepo unauogopa," alisema.

Februari mtoto akazaliwa, wa kike, kilo tatu kasoro. Habari zilimfikia Bertila kwa kupitia mtu wa gulioni. Alinunua sabuni, khanga doti moja na ndoo ndogo ya plastiki, akavipanga kwenye mfuko, na mfuko ukakaa juu ya kabati.

Wiki mbili baadaye, babu yake Justin, mzee Ladislaus, akafariki hapo hapo Mkunya. Msiba hauna "usije kwanza." Bertila na Nikolao walikwenda kama wakwe, wakakaa na waombolezaji uani, hatua chache kutoka dirisha la chumba alimokuwa Violet na mtoto. Sauti ya mtoto ilikuwa inasikika. Bertila aliiinamia ile sauti, akakaa akimenya muhogo.

Akina mama walikaa naye vizuri, wakampa kisu, wakampa kigoda. Ila yule aliyepita na kichanga mgongoni alizunguka upande wa pili.

Ndipo alipofika Mahmudu.

Mahmudu ni Myao wa Masasi, mpulizia mikorosho na mtani wa ukoo ule. Wayao na Wamakonde ni watani, na mtani akija msibani haji kulia. Anaweza kulala juu ya jamvi la wafiwa akadai chakula, anaweza kumsema marehemu kwa uchoyo wake, na hakuna ruhusa ya kununa. Siku hiyo Mahmudu alichomoa chandarua kilichoanikwa kwenye kamba, akajifunika kichwa mpaka miguuni, akasimama mbele ya Bertila.

"Nisogezeeni huyu mbali!" akapiga kelele. "Huyu kaumwa na mbu mgumba! Mimi nina wake wawili, bado nataka watoto, msiniletee balaa la Kimakonde!"

Lile lililokuwa likipita vyumbani kwa miezi sita lilikuwa limesimama katikati ya watu, limevaa chandarua.

Bertila anasema aliweka kisu chini. Halafu akaona kitu ambacho hakukitarajia. Mtu hawezi kubishana na mnong'ono, anasema, maana hauna uso. Sasa ulikuwa na uso, tena wa Mahmudu, na Mahmudu ana meno yaliyopishana.

Akasimama.

"Mahmudu, wewe umeumwa na mbu tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, mtani. Masasi mbu hawana ubaguzi."

"Mbu jike ndiye anayeuma. Dume halina habari na damu yako, linafyonza utamu wa maua. Na huyo jike anayekuuma anataga mayai mia kwa mkupuo mmoja. Kama tabia ya mbu inaingia mwilini kama kikonyo, mbona wewe hujataga?"

Kicheko kilianzia kwa wapishi. Mahmudu akajipapasa tumbo ndani ya chandarua, akachuchumaa kama kuku, na wazee waliokuwa wamejiinamia wakashindwa, wakacheka mpaka machozi.

Bertila hakukaa. Sauti yake ilishuka.

"Na mimi," akasema, "nimeumwa na mbu hao wenye mayai mia kwa miaka thelathini na tisa. Kama uzazi ungekuwa unapita kwenye mdomo wa mbu, ningekuwa na watoto wa kujaza shule nzima ya Mkunya. Nilianza kumtafuta mtoto kabla ya kusikia habari za vinasaba. Sikumpata. Hilo ni langu na Nnungu, Mungu wetu. Msimpe mbu."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mara ya kwanza, anasema Nikolao, kumsikia mkewe akilitamka jambo lile mbele ya watu.

Mahmudu akavua chandarua taratibu, akakikunja, akaketi chini miguuni pake. "Pole, mtani," akasema kwa sauti ya kawaida. Kisha, kwa kuwa mtani hawezi kumaliza kwa huzuni, akaongeza kwamba bado anadai kuku wake.

Alipohojiwa kwa simu, Mahmudu alisema hakufanya jambo kubwa. "Sisi watani kazi yetu ni kuyatapika ambayo ndugu wameyameza. Nilisikia wanamsema nikaona huyu dada anakufa kidogo kidogo. Heri nimchane mara moja."

Violet alisikia yote dirishani. "Nililia mpaka mtoto akashtuka," anasema. "Dada yangu amenilea. Nilipovunja ungo yeye ndiye aliyekaa na mimi. Halafu mimi nikamwambia usije."

Jioni ile kabla hawajaondoka, mwanamke mmoja alimfuata Bertila akamuuliza kama mbu hao wanaweza kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji, na huko nani atakuwa ameulizwa. Mwingine akauliza mjusi akimla mbu wa namna hiyo itakuwaje. Kijana akauliza, wakiachiwa halafu watu wakawakataa, watakusanywa na nani? Bertila hakuwa na daftari. Aliyaandika kwenye kiganja kwa kalamu ya kuazima.

Mwandishi alimuuliza majibu yake ni yapi.

"La kuumwa ukawa mgumba nalijua, halipo. Hayo ya Ruvuma na mjusi, nimewaambia sijui, nitauliza. Na hilo la kuwakusanya, nadhani hata waliosoma wanalikunia kichwa." Anatabasamu. "Mimi sijasema tuwakubali hao mbu. Sijasema tuwakatae. Malaria ninaiona kila wiki, nawaona watoto wanavyotetemeka. Lakini mtu aulizwe kwake, kwa lugha yake, na anayemuuliza akubali kusema sijui."

Msiba ukaisha. Watu walirudi mashambani. Mnyambe akina mama walianza kumwita tena ndani, mmoja mmoja, na yule mtoto aliyekohoa chumbani akapimwa, akakutwa na malaria, akapata dawa, akapona. Mkunya hakukuja neno mpaka ule ujumbe wa Jumatano.

Saa saba mchana, Nikolao anaifuta baiskeli kwa mara ya tatu. Bertila anapanda nyuma, mfuko wa sabuni na khanga mapajani, kioo ndani ya kitambaa. Njia nzima wanandoa hawa hubishana kuhusu mashimo. Leo Nikolao anayakwepa yote na hakuna wa kubishana naye.

Mkunya, ua umefagiwa. Wanawake wanakoroga uji wa mtama. Mama Justin anatoka kumpokea.

"Shikamoo, mama," Bertila anasema, akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kioo?"

"Nimekuja nacho."

"Njoo huku."

Hampeleki ndani. Anampeleka nyuma ya nyumba, kwenye kisima. Bertila anamfuata, na uso wake unafungwa taratibu, kama mtu aliyeitwa harusini akakabidhiwa ndoo ya kuosha vyombo. Anapiga magoti. Analitafuta jua kati ya mawingu, anasubiri, analipata, analishusha majini. Anaangalia muda mrefu, upande huu na upande ule.

"Maji yako safi, mama. Hakuna hata mmoja. Kifuniko hiki nani amekitengeneza?"

"Justin. Nilimwambia mtoto hatoki nje mpaka mama yake mkubwa aseme ua huu ni salama." Mama Justin anamimina maji kwenye bakuli, anampa na kipande cha sabuni. "Nawa mikono. Wanakusubiri."

Bertila ananawa. Ananawa mpaka viwiko, kama mkunga, na bado anaendelea kunawa. Nikolao, aliyesimama pembeni na mfuko wa zawadi, anageuka kutazama mikorosho.

Ndani, Violet amesimama na kifurushi cheupe. Dada na mdogo mtu wanatazamana. Violet ananyoosha mikono. Bertila anapokea. Mtoto anakunja uso, anafikiri, anaamua kulala tena.

"Jina lake?" Bertila ananong'ona, kwani hakuna aliyewahi kumwambia.

"Veridiana," anasema Violet.

Ni jina la mama yao.

Wanawake wanapiga vigelegele, na Bertila anavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, akimkinga mtoto uso kwa kiganja, kisha akikiondoa kidogo kidogo ili jua limfikie kwa adabu. Veridiana anapiga chafya. Ua mzima unacheka.

Mwandishi anamuuliza anatumaini nini. Ana kazi mikononi. Anataka wale watafiti waje Mnyambe, anasema, wakae na watu, wajibu yale maswali, yote 121 sasa. "Wakija na ngazi yao ile iliyosokotwa, nitawafundisha namna ya kuieleza. Na korosho nitawakataza." Anamtazama mtoto. "Huyu akifikia kuchezwa unyago, nataka malaria iwe hadithi ya kwetu sisi. Iwe kwa mbu hao, iwe kwa vifuniko, iwe kwa dawa. Mimi sichagui, ilimradi yeye asiijue."

Kutoka jikoni Mama Justin anaita: "Mama Veridiana! Mama Veridiana, uji unapoa!"

Bertila anageuka kumtazama Violet, akisubiri aitike. Violet ameketi kwenye mkeka na amefumba mdomo, anatabasamu. Mama Justin anaita tena.

"Itika, dada," Violet anasema. "Unaitwa wewe."

Bertila anageukia jikoni.

"Abee," anaitika, na anamkumbatia mtoto vizuri zaidi kabla ya kwenda kunywa uji.